Ukiona bango la kupima walevi mbele, unaruhusiwa kukata kona?

Swali: Wakili habari za kazi. Niko San Diego, California, naendesha Uber, nina green card (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja). Juzi usiku nimeona bango kwamba mbele polisi wanapima pombe nikakata kulia nikapita mtaa mwingine, sikuwa nimekunywa ila foleni ilikuwa ndefu. Shemeji yangu yuko North Carolina anasema hapo nimejitafutia jela. Kweli?

Jibu: Kaka, shemeji anakupa sheria ya kwao, tena kaiongezea chumvi. Kila jimbo huku Marekani lina lake.

Kwa California kesi ya kuijua ni Ingersoll v. Palmer ya 1987. Mahakama ya juu ya jimbo ilikubali hivi vituo vya barabarani vya kupima pombe ila kwa masharti, kwamba wakubwa ndo wapange vikae wapi na saa ngapi sio askari aliyeko barabarani, magari yachaguliwe kwa hesabu maalum sio kwa sura ya dereva, na mabango yaonekane mapema. Na utaratibu wa kituo kile kilichofikishwa mahakamani ulikuwa kwamba dereva akiamua kukwepa asisimamishwe kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo kona yako kama ilikuwa halali huna kosa.

Shida inakuja kwenye namna unavyokwepa. Mtu anaona taa za polisi anashtuka, anageuza gari kwenye bango linalokataza, au anakata bila indiketa huku gari linayumba, hapo askari kapata sababu yake halali ya kukufuata na wala hahitaji kutaja kwamba ulikwepa. Na ukishaingia kwenye mstari ukafika kituoni lazima usimame, sheria ya magari ya California, Vehicle Code 2814.2, inasema hivyo.

North Carolina ndo kugumu, kesi ya State v. Foreman ya 2000 inaruhusu askari akufuate na kukusimamisha akuulize kwa nini umegeuka ukiwa umeshafika eneo la kituo, hata kama kona yenyewe ilikuwa halali. Lakini ni kusimamishwa na kuulizwa, sio jela! Texas hawaweki kabisa hivi vituo. Michigan pia hawaweki, na ndio vichekesho vyenyewe maana kesi iliyoviruhusu nchi nzima mwaka 1990 ilitokea hukohuko Michigan, halafu mahakama yao ikavikataa kwa katiba ya jimbo.

Turudi kwako California: ukisimamishwa toa leseni, kadi ya gari na bima. Swali la "umekunywa?" unaweza kukataa kulijibu kwa heshima, usidanganye tu. Kile kipimo cha mkononi cha kupuliza kabla hujakamatwa, ukiwa na miaka 21 au zaidi na hauko kwenye kifungo cha nje (probation) kwa kesi ya kuendesha umelewa, una haki ya kukikataa. Ila ukishakamatwa kihalali kukataa kipimo kunakunyima leseni mwaka mzima hata kama ni mara ya kwanza.

Na wewe wa Uber usijipime na ile asilimia 0.08 ya pombe kwenye damu ya kila mtu, ukiwa na abiria wa kulipa kiwango chako ni 0.04 tangu Julai 2018, bia mbili tu zinaweza kukufikisha huko. Alafu kwenye fomu ya uraia utaulizwa kama umewahi kukamatwa, kwa hiyo ikitokea usikubali kosa mahakamani kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji.