Shangazi, binti yangu anasema natafuta sifa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 62, mjane, naishi Morogoro. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hadi nilipostaafu. Watoto wanajitegemea, wako Dar na Dodoma. Nilipokaa nyumbani nilijiona kama mtu aliyefutwa kwenye daftari. Kisha jirani yangu, binti mdogo aliyefiwa na mume, akaletewa karatasi na shemeji zake asaini, matanga hayajaanuliwa. Nilimzuia. Nikaongozana naye mahakamani, akaweka pingamizi, likasikilizwa, na leo yumo ndani ya nyumba yake na wanawe. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile.*

*Tangu hapo wanawake wanakuja. Wengine nawapa fedha. Mmoja nilimpa laki tatu amalizane na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, haukupita muda nikasikia amekopa tena. Tukikutana Soko la Kingalu anakata kona. Mwingine alijificha kwangu akikimbia kipigo, kisha akarudi kwa mumewe bila hata kuniaga. Sasa nataka kiinua mgongo kilichobaki nijenge vyumba viwili uani, niwe nawapokea. Binti yangu mkubwa amekasirika. Anasema sisaidii mtu, najitafutia sifa. Neno hilo limenikaa kooni. Ni kweli? Na je, nijenge?*

*– Karani Mstaafu, Morogoro*

Marahaba, ingawa kwa umri huo nadhani mimi na wewe tungeulizana tu habari za asubuhi.

Nianze na vyumba, maana fundi akishachimba msingi hutanisikiliza tena. Usijenge. Mwanamke anayekimbia mume mwenye panga anahitaji mahali ambapo mume huyo hapajui, na kwako mtaa mzima unapajua. Akija usiku akagonga geti, mtatoka wewe na nani? Kule Mugumu, Serengeti, ipo nyumba salama inayowapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa. Wahusika wake wanakwenda sambamba na polisi wa dawati la jinsia na ustawi wa jamii, wana watumishi, wana magari, na bado ni kazi ya kukesha. Vyumba viwili vya uani vitakumalizia kiinua mgongo kabla hata hujanunua magodoro, na baada ya hapo utaanza kuwaomba watoto. Nadhani binti yako analijua hilo, ila amechagua maneno mabaya ya kulisema.

Sasa hayo maneno yenyewe. Kufurahi kwa sababu umemfaa mtu si dhambi wala si sifa. Kwa miaka mingi uliamka asubuhi ukijua kuna watu wamekaa kwenye benchi wanakusubiri wewe. Ukastaafu, benchi likaondoka. Yule mjane alipokuja na karatasi zake alikurudishia kazi unayoiweza kuliko mtu yeyote mtaani kwenu, na ukaifanya vizuri. Usimwombe mtu radhi kwa furaha hiyo.

Ila nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nimeona kitu. Furaha yote imo kwenye kisa cha mjane. Machungu yote yamo kwenye visa viwili vya mwisho. Kwa mjane ulitoa ujuzi. Kwa yule wa laki tatu ulitoa fedha, na kwa yule wa kipigo ulitoa kitanda, halafu ukabaki unasubiri kitu kirudi. Hata usiponiambia, yule anayekata kona sokoni amekwambia. Hakukwepi kwa kiburi. Kila akikuona anaiona ile laki tatu. Umekuwa mdai wake wa pili, tena usiye na risiti.

Kwa hiyo madeni ya watu usilipe tena. Unajua mikopo hii inavyokwenda: anaweka rehani kitanda na televisheni, rejesho kila wiki au kila siku, na akikwama anakopa kwa mwingine amtulize wa kwanza. Ukimlipia, umemlipa mkopeshaji. Wewe umekaa na mafaili maisha yako yote, basi mwambie alete mkataba usome naye mstari kwa mstari. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Iko wapi? Riba iliyoandikwa ndiyo anayotozwa? Mkataba umeachwa kwake au mkopeshaji kaondoka nao? Maswali hayo peke yake huwa yanapunguza sauti ya mtu anayekuja kubeba godoro. Na akitaka mtaji, mwelekeze ajiunge na kikundi waombe ile asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake na haina riba. Ina foleni na ina usumbufu, najua. Lakini haimpeleki mtu kulala sakafuni.

Yule aliyerudi kwa mumewe nakuomba usimkasirikie. Ana watoto, kodi hana, kwao wamemwambia avumilie, na mume ameapa kwa Mungu kwamba amebadilika. Wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Kuondoka bila kuaga ilikuwa aibu tu. Siku akirudi kwako, usianze na “nilikwambia”. Na usijaribu kuwasuluhisha wewe, hata kama mume atakuja na mzee wa kanisa. Kama anataka talaka, njia ya baraza la usuluhishi la ndoa na ile hati yake unaijua, kwa kawaida mahakama haipokei shauri bila hiyo. Ila aliyeumizwa, kwako apite tu: aende kituo cha afya na polisi, aulizie dawati la jinsia na watoto, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo, na afike hospitali haraka iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Yaandike hayo kwenye karatasi uyabandike mlangoni, kwa sababu siku mtu analia mbele yako hata wewe utasahau.

Tuje kwenye kazi yako hasa, hii ya karatasi. Hapa ningependa uwe mchoyo, ukatae mengine yote ushike hili. Wewe unajua kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya na kugawa, kisha airudie mahakama na hesabu. Nenda kawaulize wanawake kumi sokoni uone wangapi wanalijua. Wanaamini shemeji akishateuliwa, nyumba imekuwa yake. Wanasaini muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hawakukaa. Hawajui waanze na cheti cha kifo, wanasubiri huruma ya wakwe. Mama wa nyumbani naye anatoka kwenye ndoa ya miaka ishirini na sanduku la nguo, akisema “mimi sikuwa na kazi, sina changu”. Nawe unaikumbuka kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mume kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Mambo yake hayakumwendea vizuri, lakini wanawake wanagawiwa nyumba hadi leo kwa hoja iliyotoka kwenye kesi yake. Haya ndiyo ya kuwaeleza, na kwa Kiswahili cha sokoni, si kile cha hukumu.

Ifanye kwa utaratibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na inataka wapate mafunzo na wafanye kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako, atakuelekeza. Usiifanye kimyakimya uani, mtu akaja kukuita kishoka. Chagua siku mbili za wiki, weka saa, na saa ikifika funga. Nunua kaunta buku, andika aliyekuja na alichokuja nacho, ulifungie kabatini. Yaliyomo humo usiyapeleke kwenye kikoba, hata kama kisa ni kitamu. Na yule mjane jirani muulize kama ana nafasi ya kukaa nawe siku moja kati ya hizo. Ameshapita njia hiyo kwa miguu yake, na atasikilizwa kwa namna ambayo wewe karani hutasikilizwa.

Siku nyingine tano ni zako. Lala mchana. Nenda kwaya, au Mzumbe kwa shoga yako, sijui unapenda nini kwa sababu barua nzima hukuniambia jambo moja unalopenda lisilohusu shida za watu.

Binti yako mpigie simu, umwambie vyumba vimeahirishwa moja kwa moja na fedha zipo benki. Mtajie kiasi. Atatulia. Akishatulia, muulize kwa upole mara ya mwisho kukupigia mchana wa siku ya kazi, bila shida yoyote, ilikuwa lini.

Na ninyi wastaafu wengine mnaonisoma, manesi, walimu, makarani wa ardhi: nani ameshafanya jambo kama hili mtaani kwake, na halmashauri ilimpokeaje? Niandikieni. Huyu dada wa Morogoro atahitaji kujua zile ofisi ambazo mtu anaambiwa “rudi kesho”.

– Shangazi