Mazoezini nawaacha, mashindanoni miguu inakuwa mizito

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 19, nakimbia mita 1500. Mazoezini wenzangu nawaacha, lakini siku ya mashindano miguu inakuwa mizito hata kabla hatujaitwa kwenye mstari. Lengo langu ni dhahabu ya taifa. Nimekuwa wa sita mara mbili, na baba amesema nikikosa tena nirudi shambani. Sijiamini kabisa. Nifanyeje?
Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ningeweza kuiandika mimi nilipokuwa na umri wako.

Nami niliitaka dhahabu, na kila nilipoikosa nilijiona nimepungua. Ubaya wa lengo hilo ni kwamba haliko mikononi mwako peke yako. Unaweza kukimbia kuliko siku zako zote, akatokea aliye bora zaidi. Ukijipima kwa medali tu, hata siku uliyopunguza sekunde tatu unarudi nyumbani unalia. Sasa huo moyo wa kujiamini utauchota wapi?

Mwalimu wangu alinisaidia kwa kalamu ya bluu. Asubuhi ya mbio alinishika mkono akaniandikia kiganjani namba 3, yaani raundi ya tatu, kati ya mita 800 na 1200. Hapo ndipo nilipokuwa nalegea: nguvu za mwanzo zimekwisha, na mwisho bado uko mbali. Akaniambia, "Leo medali sina haja nayo. Nipe raundi hiyo kwa sekunde 75." Nilimaliza wa nne. Jasho lilikuwa limefuta nusu ya ile namba, lakini saa yake ilisema 74. Usiku ule nililala usingizi mzito, na mbio zilizofuata sikuziogopa.

Mtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathon wa Tanzania. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ameipata Tokyo mwaka 2025, kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Walitenganishwa na sekunde 0.03! Katikati kuna miaka minane ya kuamka na kukimbia bila dhahabu hiyo.

Kwa hiyo lengo la dhahabu liandike ukutani, usilifute. Ila nunua daftari. Kila jioni andika jambo moja ulilolikusudia na ulilolitimiza: raundi ngapi, sekunde ngapi. Usiku wa kuamkia mashindano lisome hilo, si majina ya wapinzani.

Kuhusu baba, usimjibu kwa hasira. Mpe daftari hilo alisome. Mkulima anajua mahindi hayachumwi wiki ya kupanda. Akikataa, mwambie kocha wako aende nyumbani akaongee naye. Hilo si la kubeba peke yako.

Anza Jumatatu. Kisha niandikie: raundi ya tatu umekimbia sekunde ngapi?