Wifi Anasema Umri Wangu wa Kupendeza Umepita

*Shikamoo Dada. Nina miaka 49, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga, mama wa watoto watatu. Miaka yote nimevaa kinachopatikana: sketi za kazini, dera nyumbani, na juu yake koti kubwa la mtumba kwa ajili ya baridi. Siku hizi mwili umebadilika. Kiuno kimejaa, zipu hazifungi, na kanisani natokwa jasho wakati wenzangu wamejikunyata. Pasaka nilishona gauni la kitenge lenye kushika mwili kidogo. Binti yangu alilifurahia sana, lakini wifi akaniambia mbele ya watu, "Wenzio tumeshatulia, wewe ndiyo kwanza unaanza?" Nimelifungia sandukuni. Binti yangu huyo tunamfanyia sendoff mwezi wa nane. Mume wangu hasemi lolote. Nivaeje nipendeze bila kuonekana najifanya msichana? – Mama wa Mafinga*

Marahaba, mdogo wangu. Kamwene.

Lile gauni litoe sandukuni leo, ulitundike mahali unapoliona. Nitalirudia baada ya muda mfupi.

Maneno ya wifi yamekuchoma, nami nimeyasikia yakiwachoma wengi hapa Mbeya. Msichana akijipamba anaambiwa anatafuta wanaume. Akiolewa akapata watoto, anaambiwa mama wa watoto hana muda wa mambo hayo. Akikaribia hamsini, anaambiwa umri umepita. Sasa ukifuata kauli zote hizo, mwanamke atapendeza lini? Hakuna mwaka unaobaki. Hakuna mtu aliyepewa kazi ya kukupangia mwaka wako wa mwisho wa kupendeza, na wifi hajapewa pia. Usigombane naye. Akirudia, mwambie kwa upole, "Wifi, nami nimetulia, ndiyo maana nina nafasi ya kujitazama," kisha uendelee na shughuli zako.

Tuje kwenye mwili, maana hapo ndipo tatizo lako lilipo, wala si kwenye umri. Unavalia mwili uliokuwa nao zamani. Fundi wako, kama walivyo mafundi wengi, ana daftari. Jina lako limo humo, na vipimo vyako ni vya miaka iliyopita. Unapeleka kitambaa, anafungua ukurasa uleule, anaongeza inchi mbili za kukisia kiunoni, mchezo umekwisha. Ndiyo maana gauni linabana tumboni huku mabega yanaelea. Nenda umwambie akupime upya kuanzia mwanzo: mabega, kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, urefu kutoka bega hadi kiunoni. Vaa sidiria utakayoivaa siku hiyo, iliyo saizi yako ya sasa. Sidiria iliyolegea inashusha kifua, na kifua kikishuka kila mshono unakaa mahali pabaya, hata fundi awe hodari namna gani.

Kipimo kinachonishughulisha kuliko vyote ni cha bega. Simama mbele ya kioo na lile gauni la Pasaka, utazame mshono unaounganisha bega na mkono. Unatakiwa ukae juu ya ncha ya mfupa wa bega. Ukiteremkia mkononi, mwili mzima unaonekana umechoka, hata kama una miaka 25. Ukipandia shingoni, utashinda ukijivutavuta. Bega likikaa sawasawa, hata gauni pana linaonekana limekusudiwa kuwa pana. Hii ndiyo sababu koti lako la mtumba linakuzeesha. Unapofukua mitumba mnadani, vaa koti, funga vifungo, tazama bega kwanza. Mkono mrefu fundi atapunguza kwa hela ndogo, kiuno atakiingiza ndani, vifungo atabadilisha. Bega la koti zito lenye bitana ni kazi ngumu ya kufumua na kushona upya, na mara nyingi gharama inazidi bei ya koti lenyewe. Kama bega limekataa, lirudishe kwenye lundo hata liwe zuri vipi.

Kuhusu kiuno kilichojaa, acha kukibana. Zipu iliyolazimishwa inaonyesha kila mkunjo unaotaka kuuficha. Mwambie fundi ashike gauni chini ya kifua, pale penye mbavu, kisha aliachie litanuke taratibu hadi chini ya goti. Wanawake wengi, hata tulionenepa, pale chini ya kifua tunabaki wembamba kuliko tumboni. Na mwambie aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, walau inchi moja kila upande. Mwili wako bado unabadilika, utaihitaji.

Sasa lile jasho. Kwa umri wako, huenda unaelekea kukoma hedhi. Wanawake wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55, na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni ni dalili ya kawaida kabisa. Kwenu Mafinga mambo yanakuwa mawili, maana asubuhi ya mwezi wa saba unahitaji sweta, na joto hilo haliangalii kipupwe. Kwa hiyo usivae nguo moja nzito. Ndani vaa blauzi ya pamba, juu yake sweta jepesi lenye vifungo mbele, kisha koti au mtandio mpana. Joto likipanda katikati ya ibada unafungua vifungo viwili au unateremsha mtandio mabegani, hakuna anayejua. Sweta la kuvulia kichwani halikufai kwa sasa. Vitambaa vya nailoni na poliesta vinavyokaa mwilini viache pia, vinafungia jasho ndani, na ukitoka nje upepo wa Mafinga unakukuta umelowa. Lakini kama jasho la usiku linakukosesha usingizi, au hedhi inatoka nzito kupita kawaida, au imekoma mwaka mzima kisha damu ikarudi, hilo si la fundi. Nenda hospitali usichelewe.

Rangi sitaki kukuwekea sheria. Zipo orodha nyingi za rangi za wanene, za weusi, za wazee, nami siziamini. Fanya hivi: ukienda kununua kitenge, kitoe mpaka mlangoni mwa duka penye mwanga wa jua, kiweke chini ya kidevu, mwambie mtu uliyekwenda naye atazame uso wako, asitazame kitambaa. Uso ukichangamka, chukua. Ukipauka, acha, hata kama ndiyo kitenge ambacho mji mzima unakigombania. Taa za ndani ya duka zinadanganya sana. Na kama unapenda nyekundu, vaa nyekundu. Mama yangu alikuwa na zaidi ya miaka 70 akivaa nyekundu kila Krismasi, na watu walikuwa wakimsubiri mlangoni mwa kanisa wamwone.

Maua ya kitenge, hapo kuwa mkali. Vitenge vyetu vingi vina duara au ua kubwa, na fundi akikata bila kuangalia, duara mbili zinaangukia sawasawa kwenye kifua, au moja inakaa katikati ya tumbo. Kabla hajaingiza mkasi, mwombe akuwekee kitambaa mwilini, mkubaliane ua kubwa likae wapi: begani, upande mmoja wa sketi, au chini karibu na pindo. Kitambaa chenyewe kama ni pamba kiloweke, kianike na kukipiga pasi kabla ya kukipeleka. Kikishonwa kibichi, kitapungua na kukubana siku ya kwanza kufuliwa.

Viatu kwa ufupi. Miguu hupanuka kwa kuzaa na kwa miaka, kwa hiyo namba uliyovaa siku ya harusi yako isikushikilie. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshajaa. Kisigino kifupi na kinene kitakubeba sendoff nzima, nawe mama mzazi utasimama sana siku hiyo.

Mvi zako, kama unazo, pia ni juu yako. Ukipaka sawa, ukiziacha sawa, ila zisukwe au zikatwe vizuri.

Mume wako hasemi, nawe umeuchukua ukimya wake kama hukumu. Mdogo wangu, ulimuuliza? Wanaume wengi wa kwetu hawana mazoea ya kusema nguo imependeza. Lakini ukisimama mbele yake ukamuuliza, "Baba, hili na lile, nivae lipi?", atachagua. Muulize mkiwa wawili. Hata akichagua la pili ulilokuwa hulitaki, utakuwa umejua kwamba anatazama.

Sendoff sasa. Najua kamati itakuja na sare, na ukoo mzima utavaa kitenge kimoja. Usikatae, hiyo ni furaha ya familia. Ila sare ni kitambaa, si mshono. Wifi ashone wake, binti za kaka yako washone wao, nawe ushone ule unaokufaa: umeshika chini ya kifua, mkono unafika kwenye kiwiko au robo tatu, shingo iliyoachia nafasi ya mkufu mmoja mzuri. Kwa kuwa Agosti usiku kwenu bado kuna baridi, mwambie fundi kipande kitakachobaki akutengenezee mtandio mpana wenye bitana ya rangi moja, uufunike mabegani ukumbini. Hapo hutahitaji lile koti, na picha za mwanao hazitakuwa na mama aliyejifunika.

Kitambaa kipelekwe kwa fundi mwezi wa sita, kabla ya msimu wa sherehe kumzidi. Lile gauni la Pasaka lichukue pia. Ulilipenda, binti yako alilipenda, kwa hiyo likague bega na chini ya kifua. Kama yamekaa vizuri, mwachie fundi achukue umbo lake kwa ajili ya hili jipya. Kama kuna pahali pamekataa, arekebishe palepale, kisha ulivae kanisani Jumapili inayofuata. Vaa gauni jipya kulijaribu wiki mbili kabla ya shughuli, ukae kwenye kiti, uinue mikono kama unayepokea zawadi, utembee mpaka barabarani na kurudi. Fundi akikuambia uje kuchukua siku moja kabla ya sendoff, kitambaa chukua umpelekee mwingine.