Anzeni na Arboretum, vitalu vifuate

Dada, unauliza kama siku moja inatosha kuwatembeza wenzako wanne kwenye bustani na vitalu vya miche vya Nairobi bila mimea kufia garini. Inatosha, ila msianze kwa kununua. Asubuhi nendeni Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni ya kuni za kuendeshea treni. Pale mtaona mti ukishakomaa unafika wapi, kabla hujashawishika na kimche cha kupanda kando ya ukuta.

Vitalu vya Ngong Road viacheni mchana. Usitekwe na maua. Inua kiriba, yaani kimfuko chenye mche, utazame chini: mizizi ikiwa imetoboa na kuzama ardhini, muuzaji ataikata akiung'oa, na mche utanyauka ukifika kwako. Geuza na majani. Ukiona vijiunga vyeupe pale kikonyo kinapoungana na shina, hao ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu wa mmea. Uache hata ukipewa bure. Bei piganieni kwa pamoja, watano mkinunua kwa mtu mmoja lazima ashuke kidogo.

Bebeni katoni za kusimamishia miche, na madirisha yafungwe, maana upepo wa njiani huchana majani laini. Atakayekaa siti ya nyuma ndiye mlinzi, hakuna kusinzia.