Maswali ya Wasomaji: Mbegu Hii ni ya Mmea Gani?

SWALI: Nina kopo la mbegu nyekundu ambazo nimeambiwa zote ni tipitipi. Baadhi zina doa jeusi, nyingine hazina, na ukubwa haulingani. Nizitenganisheje? Na hiyo sumu inayosemwa ni ya kweli?

JIBU: Zimwage kwenye karatasi nyeupe, weka rula kando, kisha chukua kioo cha kukuza utafute kitovu, lile kovu dogo mahali mbegu iliposhikana na ganda. Wengi huanza na rangi, na ndipo wanapopotea.

Tipitipi yenyewe (Abrus precatorius) ina umbo la yai, urefu wa milimita 5 hadi 7, na kitovu chake kimo ndani ya lile doa jeusi. Ukikuta kitovu kiko upande mwekundu, hiyo ni mbegu nyingine. Zile nyekundu tupu, bapa lakini zimetuna pande zote mbili mfano wa dengu, milimita 7 hadi 9, yaelekea ni Adenanthera pavonina. Huo ni mti mkubwa, nao maganda yake hujisokota yakikauka. Tipitipi ni mmea utambaao na kujizongazonga kwenye vichaka. Zikiwa na umbo la haragwe, zinakaribia sentimita moja na kitovu kipo katikati ya ubavu, fikiria jamii ya Erythrina. Hapo usiende mbali zaidi: jamii hiyo ina spishi zaidi ya 100, na mbegu peke yake haikupi jina kamili.

Sumu ni ya kweli. Tipitipi ina abrini, ambayo huzuia seli zisitengeneze protini. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita tumboni bila kupasuka kwa sababu ganda lake ni gumu mno. Hatari kubwa iko kwenye iliyotafunwa, iliyopondwa au iliyotobolewa, kwa hiyo anayetoboa shanga za tipitipi anacheza na vumbi baya. Mtu aliyeitafuna apelekwe hospitali hapo hapo, hata kama anajiona mzima, maana dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mbegu za Erythrina nazo zina sumu, ingawa ni ya aina nyingine. Kopo lako liandike SUMU na ulifungie mbali na watoto.

SWALI: Nilinunua habasoda kwa ajili ya kupanda, zikaota vitunguu! Kosa lilikuwa wapi?

JIBU: Zote mbili ni nyeusi, zina pembepembe na zinakaribia milimita 3, kwa hiyo kuzichanganya ni rahisi. Ponda chache kati ya vijiko viwili. Ya kitunguu itajitangaza kwa harufu. Habasoda ina harufu yake ya viungo na huacha mafuta kwenye kijiko. Chini ya kioo, habasoda huonyesha mikunjo kama wavu, wakati ya kitunguu mara nyingi ina upande mmoja bapa na mwingine uliotuna. Lakini usiigeuze pua kuwa kipimo cha kila mbegu. Mbegu za mnanaha (Datura), mmea wenye sumu, hazipondwi wala kuonjwa, na zile za Datura metel, zenye rangi ya manjano-kahawia, zimewahi kuchanganywa na za pilipili. Ya mnanaha ina umbo la sikio na ukingo mnene wenye mawimbi. Ya pilipili ina ukingo mwembamba na kancha kadogo kama mdomo wa ndege.

SWALI: Mbegu zangu za mwarobaini zilikuwa nzuri kabisa. Nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaweka kwenye friji miezi minne. Nimepanda 60, haijaota hata moja.

JIBU: Ziliuawa na huo uangalifu. Mbegu nyingi, kama za mchicha, mrehani au mkwaju, ukizikausha vizuri na kuziweka baridini hudumu miaka. Mwarobaini hauko kundi hilo. Uhai wake hushuka ndani ya majuma machache, baridi ya friji huudhuru, na ndani ya plastiki mbegu hutoa jasho, zikajikosesha hewa na kushika ukungu.

Chuma tunda likishageuka manjano, ama okota lililodondoka siku hiyo hiyo. Sugua nyama yote itoke kwa maji, kwani ikibaki huchacha na joto lake hufika kwenye kiini. Tandaza kivulini kwenye ungo, tabaka moja, siku mbili tatu, kisha panda ndani ya wiki mbili. Ukilazimika kungoja, tumia mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Kabla ya kupanda, pasua 20: kiini chenye uhai ni kigumu na kina rangi ya kijani au manjano-kijani. Vikiwa vya kahawia na vimesinyaa, usipoteze udongo wako.

SWALI: Nitajuaje mbegu zimekauka kiasi cha kufungiwa kwenye chupa?

JIBU: Tumia chumvi. Kausha chumvi kwenye kikaango, iache ipoe, jaza robo ya chupa ya kioo kavu. Ongeza mbegu kiasi hicho hicho, funga, tikisa, subiri dakika 10. Chumvi ikigandamana au kushika kwenye kioo, rudisha mbegu kivulini. Ikiendelea kumwagika huru, unyevu wa hatari umeondoka, lakini kwa kuzifungia muda mrefu zikaushe zaidi. Usikimbilie jua kali la mchana wala oveni. Kanuni ya Harrington, mtafiti wa mbegu, inasema kila asilimia moja ya unyevu unayopunguza hukaribia kuongeza maisha ya mbegu mara mbili, na kila nyuzi 5 za Selsiasi unazoshusha vilevile. Lakini hiyo ni kwa mbegu zinazostahimili kukauka, si kwa mwarobaini wa hapo juu.

SWALI: Niandike nini kwenye pakiti?

JIBU: Namba, tarehe, mahali, aina ya udongo, kimo cha mmea, rangi ya ua na jina la kienyeji kama ulivyolisikia. Andika kwa penseli. Wino hufutika ukilowa. Namba hiyo hiyo iweke kwenye tawi lenye ua na tunda, lililobanwa katikati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku hadi tawi likauke. Bila tawi hilo, mtaalamu wa mimea atakupa dhana tu. Na usikombe mmea wote: asilimia 20 ya mbegu zilizoiva siku hiyo yatosha, ukichukua kidogo kidogo kwenye mimea mingi.

SWALI: Mbona mshubiri wangu wa Aloe vera hauzai mbegu, ingawa unatoa maua kila mwaka?

JIBU: Haupokei chavua yake wenyewe, na mimea iliyotokana na machipukizi ya mama mmoja ni kama mmea mmoja. Ng'oa machipukizi yenye mizizi, yaache kivulini siku mbili kidonda kikauke, uyapande.