Mkanda au gia? Ushauri kwa anayetafuta pikipiki ya magurudumu manne ya kazi za shamba

Kwa miaka saba sasa maziwa ya shamba letu, upande wa Molo, yamekuwa yakifikishwa barabarani kwa pikipiki ya magurudumu manne inayovuta trela, na katika muda huo nimemiliki mbili: ya kwanza ilipeleka nguvu za injini kwenye magurudumu kwa mkanda wa mpira, na ya pili, ninayoitumia hadi leo, inatumia gia tupu. Wakulima wenzangu wa Njoro, Mau Narok na hata Kitale huniuliza mara kwa mara wanunue ipi. Kwa kuwa mashine hizi ni ghali, na vipuri vyake havipatikani katika kila duka la spea za bodaboda, nimeona niandike kwa utaratibu yale niliyojifunza, mengine kwa hasara.

Anayeujua mkanda wa kinu cha posho ameshaelewa nusu ya jambo. Tofauti ni kwamba puli za kinu hazibadiliki, ilhali kwenye pikipiki hizi kila puli imegawanyika vipande viwili, mfano wa sahani mbili zilizogeuziana migongo. Injini inapoongeza kasi, vizito vidogo vilivyo ndani ya puli ya mbele huvisukuma vipande vyake vikaribiane, mkanda hupanda juu kwenye puli hiyo na kuzama katika ile ya nyuma, na mwendo huongezeka bila dereva kugusa gia yoyote. Si wazo jipya, kwani DAF ya Uholanzi ililiweka kwenye magari yake madogo tangu mwaka 1958. Uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kujifunza kuendesha kwa asubuhi moja, na ndiyo sababu niliinunua ya kwanza, kwani shambani kwetu waendeshaji walikuwa wanne na wawili kati yao hawakuwahi kushika hata bodaboda.

Mkanda ulikatika asubuhi moja ya mvua za Aprili, mwaka wa pili, trela likiwa na mitungi minne ya lita 50 katikati ya mlima. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo kijana aliyekuwa akiendesha alikuwa amenieleza kwamba anasikia harufu ya mpira unaoungua, nami nikadhani ni breki. Lori la maziwa halikutungoja. Mkanda mpya uliagizwa kutoka Nairobi na ulichukua siku nne kufika, tukarudi kwenye mkokoteni wa punda.

Fundi wa mjini Nakuru aliyefungua kasha la puli alinionyesha mahali ambapo mkanda ulikuwa umeliwa ubavuni, sehemu moja tu, ukawa mwembamba kama kiuno cha nyigu. "Mama," akaniambia, "huu haukuuawa na uzito. Umechomwa." Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: vijana wako wakipanda mlima na mzigo, wanaweka herufi gani kwenye kijiti cha kuchagulia mwendo, H (ya mwendo wa kasi) au L (ya mwendo wa pole wenye nguvu)? Wote walikuwa wakitumia H siku zote, kwa sababu ndiyo niliyowafundisha.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ningependa msomaji apasome pole pole. Kinachoua mkanda ni joto, na joto hilo huzaliwa mkanda unapoteleza kati ya puli. Katika mashine nyingi za aina hii, injini ikiwa katika mwendo wa chini kabisa, vipande vya puli ya mbele huwa vimeachana na mkanda umelala bila kubanwa. Dereva anapokanyaga moto kuna kitambo kifupi ambapo puli inauma mkanda ambao bado haujaanza kukimbia nayo. Katika eneo tambarare kitambo hicho hakina madhara. Lakini anayepanda mlima na trela kwa mwendo wa mtu anayetembea, akiwa kwenye H, hukirefusha kitambo hicho kikawa safari nzima, na mpira hauwezi kustahimili. Gia ya L huiwezesha injini kukimbia vya kutosha kuubana mkanda sawasawa hata magurudumu yakienda pole. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kazi yoyote chini ya mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa, hasa yenye kuvuta, ifanywe kwenye L. Tangu tulipoifuata, mkanda wa pili ulikaa hadi siku nilipoiuza pikipiki ile.

Haki itendeke pia: mikanda yote haifanyi kazi namna moja. Yamaha, kuanzia Grizzly ya mwaka 1998, hubana mkanda wakati wote na kuiachia klachi iliyo ndani ya oili kazi ya kuteleza wakati wa kuondoka. Mkanda wa namna hiyo huishi maisha ya utulivu zaidi, na mashine hushikwa na injini inapoteremka.

Kuhusu kuteremka sina budi kusema kwa mkazo, kwa maana mkanda uliokatika hugharimu pesa, ilhali mteremko unaweza kugharimu maisha. Pikipiki yangu ya kwanza, dereva akiachia moto mteremkoni na injini ikashuka hadi mwendo wa chini, puli iliuachia mkanda na mashine ikateremka kama baiskeli isiyo na cheni, huku trela likiisukuma kwa nyuma. Siku moja, kwenye udongo uliolowa, trela lilijipinda kando na kuning'oa kitini. Sikuumia, lakini tangu siku hiyo nikaanza kutafuta mashine ya gia, kwa kuwa gia haiachii: ukiteremka kwenye gia ya kwanza, injini yenyewe huwa breki, nayo breki ya mkono na ya mguu hubaki akiba. Baadhi ya mashine za mkanda zina kifaa cha kuzuia hali hiyo. Usikubali kuambiwa kipo. Kaijaribu mteremkoni kabla ya kulipa.

Pikipiki ya gia ninayotumia ni ya kubadilisha kwa mguu bila mkono wa klachi, kama zinavyotengenezwa nyingi za Honda, ambazo nyingine hubadilishwa kwa vitufe. Faida niliyoiona haraka ni katika kunyunyiza dawa ya viazi. Gia ikichaguliwa, mwendo hufuata mzunguko wa injini, kilimani na bondeni. Mkanda hujibadilisha wenyewe, na mwendo hupungua kila penye kilima. Dawa uliyoipima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukishuka hadi 4, inamwagika kwa kiasi kinachozidi kwa robo katika kila ekari. Faida nyingine ni fundi. Klachi ya sahani zilizozama ndani ya oili, fundi yeyote wa bodaboda aliye kando ya barabara ya Elburgon anaijua, ilhali puli za mkanda huhitaji vifaa maalumu vya kuzifungua.

Hata hivyo gia ina madai yake. Oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi, na kwa hiyo ni lazima chupa iwe na alama ya JASO MA, yaani kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake huoga katika oili ya injini. Kuna wakati mtu wa shambani aliongeza oili ya pikapu, kwa nia njema kabisa, na baada ya wiki moja injini ilikuwa ikinguruma mlimani huku magurudumu yakivuta kwa uvivu. Tulimwaga oili mara mbili kabla klachi haijashika tena. Vilevile, anayefuata ng'ombe nyuma kwa mwendo wa pole kuliko gia ya kwanza huiacha klachi nusu imeshika, akaichosha kama yule mwingine anavyouchosha mkanda. Kwa kazi hiyo, na kwa shamba lenye waendeshaji wengi na mageti mengi, mkanda wenye L nzuri ni rahisi zaidi, na kwa nchi tambarare ya Rongai au Kano ningeununua tena.

Kwa wanaoishi juu, mita 2,500 na zaidi kama sisi, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, na vizito vya puli vilivyopimwa kwa ajili ya nchi za chini huwa vizito kupita kiasi. Hubana mkanda mapema, injini inashindwa kufikia mzunguko wake, na mashine huonekana mchovu mlimani. Dawa yake ni vizito vyepesi zaidi, si injini kubwa zaidi.

Ukiamua mkanda, beba wa akiba pamoja na vifaa vyake, uufunge kwa kufuata mshale ulioandikwa juu yake, na usiupe mzigo mzito siku chache za kwanza. Usiupake grisi wala oili. Vumbi la Rongai lipulizwe kwa kompresa kila mnapofanya sevisi. Maji yakiingia katika kasha mkivuka mto, fungua kizibo cha chini yatoke, kisha weka nyutro na ukimbize injini hadi mkanda ukauke, ndipo uendelee.

Ukinunua iliyotumika, omba kasha la mkanda lifunguliwe mbele yako na upitishe kidole ubavuni mwa mkanda: ukiuhisi laini kama kioo au umebonyea mahali pamoja, hesabu bei ya mkanda mpya na pengine ya puli. Kwa ya gia, ipande mlimani ukiwa na mtu nyuma yako, injini ikiwa imeshapata moto, na usikilize kama mlio unapanda bila mwendo kuongezeka.