Maswali na majibu: wikendi za mwalimu wa Kiingereza Mexico

Maswali ya mara hii yametoka kwa Waswahili wanaofundisha Kiingereza Mexico, wengi wao wakiwa katika mwaka wa kwanza. Wanataka kujua waende wapi Ijumaa ikifika. Naanza na lile linaloletwa kila mara.

Niko Mexico City. Nataka kwenda Cancún wikendi hii kwa basi. Nipandie wapi?

Usipande. Ni zaidi ya kilomita 1,500, na basi hula mchana mzima na usiku wake njiani. Mexico ni kubwa kuliko Tanzania mara mbili. Hakuna mtu anayetoka Dar Ijumaa jioni kwenda Bukoba, akaogelea ziwani, kisha akawa darasani Jumatatu asubuhi. Ukiwa na siku mbili tu, safari ya kwenda isizidi saa nne. Cancún ingoje likizo na tiketi ya ndege. Na hata likizo ikifika, jiulize kama ulivuka bahari yote hiyo uje ulale kwenye hoteli ambayo ingeweza kujengwa ufuko wowote duniani. Wanaonisoma wanajua nitalisema tena.

Shule yetu ina vipindi Jumamosi hadi saa nane mchana. Nabaki na Jumapili peke yake. Kuna maana ya kutoka?

Ipo, tena kubwa. Ila shule za lugha zinaishi kwa vipindi vya Jumamosi, maana ndiyo siku wafanyakazi wa ofisini wanapata nafasi. Jambo hilo huulizwa kabla ya kusaini mkataba. Mnaosaini bila kusoma, kisha mnaandika kwa uchungu, hamjitendei haki.

Sasa fanya hivi. Njoo darasani na begi lako. Kipindi kikiisha nenda TAPO, stendi ya mashariki iliyo kituo cha metro cha San Lázaro. Mabasi ya Puebla huondoka mfululizo na foleni ikiwa ya wastani utafika kwa saa mbili na kitu. Lala huko. Jumapili asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, nenda Cholula, ambayo ni pua na mdomo na Puebla. Kile utakachodhani ni kilima chenye kanisa juu yake ni piramidi, kubwa kuliko zote duniani kwa ujazo, zile za Misri zikiwemo. Wahispania walipojenga kanisa lile, piramidi ilikwisha kufunikwa na udongo na majani. Ukisimama uani kwa kanisa utamwona Popocatépetl, mlima wa volkano, akitoa moshi. Mlima huo umeamka tangu 1994 na kuupanda ni marufuku. Akitokea kijana wa kukwambia anajua njia ya kukupitisha, mkatae.

Anza kurudi kabla ya saa tisa alasiri. Jumapili jioni watu wote waliotoka mjini hurejea kwa barabara hiyo hiyo, na utakaa kwenye foleni hadi usiku.

Na siku ukichoka, baki mjini. Jumapili asubuhi barabara ya Paseo de la Reforma hufungiwa magari, ikaachiwa baiskeli na waenda kwa miguu, na haikugharimu peso hata moja.

Teotihuacan, ule mji wa kale wenye piramidi, niende na kampuni ya utalii au peke yangu? Nataka kuona kazi ya Waazteki, wale waliotawala kabla ya Wahispania.

Peke yako. Nenda stendi ya kaskazini, Terminal del Norte, upande basi lililoandikwa Pirámides. Lile linaloishia mji wa San Juan litakuacha mbali na lango. Ni mwendo wa saa moja hivi. Fika lango linapofunguliwa, beba maji na kofia, maana kivuli hakuna. Ukiwa na kadi ya ukaazi, Jumapili kiingilio ni bure kwako kama ilivyo kwa raia, na ndivyo ilivyo katika maeneo ya kale yote yanayosimamiwa na taifa. Epuka tarehe 21 Machi, siku ambayo maelfu huja wamevaa nyeupe kupokea nguvu za jua.

Ama Waazteki, hawakujenga chochote pale. Mji ule ulistawi katika karne za mwanzo baada ya Kristo, ukawa na watu zaidi ya 100,000, kisha ukaanguka. Waazteki waliukuta ni magofu yaliyokwisha kaa mamia ya miaka. Wewe ni mwalimu, usiende kuwarudishia wanafunzi kosa hilo.

Niko Guadalajara. Niende mji wa Tequila au ziwa Chapala?

Kwa kuanzia, si huo wala hilo. Anza na Guachimontones, karibu na mji wa Teuchitlán: piramidi za mviringo ambazo ni nadra kuziona kwingine. Chapala, ziwa kubwa kuliko yote Mexico, liwe wikendi ya pili.

Nimesikia kuna mji Mexico unaitwa Yanga. Ni kweli au watu wananitania?

Ni kweli. Uko jimbo la Veracruz, karibu na Córdoba, na hauhusiani na klabu ya Jangwani. Swali hili nimelingoja sana.

Yanga alikuwa Mwafrika aliyepelekwa kule utumwani. Mnamo 1570 alitoroka, akaingia milimani na wenzake. Sisi wa pwani tunazijua habari za watoro waliojijengea vijiji vyao porini. Hawa nao walikuwa watoro, wakalima, wakazaa, na kwa miongo wakawa wanavamia misafara iliyopita kati ya bandari ya Veracruz na Mexico City. Mwaka 1609 Wahispania walituma jeshi. Makazi yalichomwa, lakini watu hawakumalizwa, na mwishowe utawala ukakubali kuwapa mji wao wakae kama watu huru. Mji ukaitwa San Lorenzo de los Negros. Tangu 1932 unaitwa Yanga, na sanamu ya Yanga mwenyewe imesimama pale.

Mji wenyewe ni mdogo, utautembea kwa asubuhi moja. Lala Córdoba, uende Yanga kwa basi dogo la abiria. Kutoka TAPO hadi Córdoba kunapita kidogo zile saa nne zangu, kwa hiyo tafuta wikendi yenye Jumatatu ya mapumziko. Safiri mchana: mteremko wa Maltrata hujaa ukungu, na barabara hiyo ina sifa mbaya ya wizi usiku.

Kisha, likizo ikiwa ndefu, nenda Costa Chica, pwani ya Guerrero na Oaxaca, ambako kuna vijiji vya watu weusi tangu enzi za ukoloni. Cuajinicuilapa ina jumba la makumbusho la historia yao. Mwaka 2019 katiba ya Mexico ndiyo kwanza ikawatambua, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitaja kuwa na asili ya Afrika. Walimu weusi wananiandikia kwamba wanafunzi huwaambia Mexico haina watu weusi. Wafundisheni kwamba Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa na damu ya Afrika, na kwamba jimbo zima limepewa jina lake. Hilo ni somo zuri la Kiingereza kuliko zile habari za familia ya London zilizomo vitabuni mwenu.

Niliingia kama mgeni kwa sababu nina viza ya Marekani. Shule inaniambia nianze kazi, karatasi zitakuja baadaye. Wikendi nataka kwenda Chiapas. Kuna shida?

Shida ziko mbili, ndugu yangu, na Chiapas ni ile ndogo.

Viza ya Marekani iliyo hai inakuruhusu kuingia Mexico kutembea. Haikuruhusu kulipwa mshahara. Njia halali ni kwamba shule iliyosajiliwa na idara ya uhamiaji ikuombee kibali, wewe uende kwenye ubalozi wa Mexico nje ya nchi, kama ule wa Nairobi, ugongewe viza, kisha ukiingia uibadilishe kuwa kadi ya ukaazi ndani ya siku 30. Hadhi ya mgeni haigeuzwi kuwa ya mfanyakazi ukiwa umekaa ndani. Shule inayokwambia karatasi zitakuja inajua hazitakuja, na siku mshahara ukicheleweshwa huna pa kushtaki. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na karibu zote zinaanza na maneno hayo hayo ya mkuu wa shule. Toka huko kabla hujazoea.

Sasa Chiapas. Jimbo hilo liko mpakani na Guatemala, na Waafrika wengi waliokuwa wakielekea Marekani wamepitia mji wake wa Tapachula. Maofisa wa uhamiaji hupanda mabasi, na mtu mweusi ndiye wa kwanza kuombwa hati. Mwaka 2015 ndugu vijana wa Chiapas, Wamaya na raia kamili wa Mexico, walishushwa basi wakizuiliwa kwa madai kuwa ni Waguatemala. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya Mexico, na mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba ukaguzi wa aina ile ndani ya nchi unapingana na katiba. Ukaguzi haukukoma. Kwa hiyo hata wewe mwenye kadi, beba kadi yenyewe, si picha ya kwenye simu. Na ukihama nyumba au kubadilisha mwajiri, una siku 90 za kuiarifu idara. Watu wengi wamepigwa faini kwa hilo tu.

Mimi ni Mwislamu. Safarini huko vijijini nile nini?

Dada, tatizo kubwa ni mafuta kuliko nyama. Maharage mengi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na tamale, unga wa mahindi unaofungwa majani na kupikwa kwa mvuke, huwa nayo vilevile, kwa hiyo uliza kama kuna manteca, yaani mafuta hayo, hata kwenye chakula kisicho na nyama. Chile en nogada za Puebla, zile pilipili kubwa za Agosti na Septemba zenye mchuzi mweupe na komamanga, mara nyingi hujazwa nguruwe. Samaki, mayai, parachichi, jibini na chapati za mahindi zitakushibisha popote. Mexico ndiko mahindi yalikotoka, na aliyelelewa kwa ugali hatapata tabu kuyazoea wanavyoyapika. Ukifika San Cristóbal de las Casas kuna jamii ya Waislamu wenyeji, Watzotzil waliosilimu tangu miaka ya 1990, na utaswali nao.

Je, walimu wana punguzo la nauli?

Wanalo, kwa msimu. Likizo za shule za kiangazi na za mwisho wa mwaka, mabasi ya masafa marefu hutoa punguzo la robo kwa walimu na nusu kwa wanafunzi, kwa viti vichache katika kila basi. Kadi iwe ya shule iliyomo katika mfumo wa elimu wa taifa; ya akademia ya lugha ya mtaani hukataliwa mara nyingi. Wikendi za Jumatatu ya mapumziko, yaani ile ya kwanza ya Februari, ya tatu ya Machi na ya tatu ya Novemba, hazina huruma: kata tiketi wiki kadhaa mapema.

Kusafiri usiku kwa basi kuna ubaya?

Upo. Safiri mchana, na kwa basi linalopita barabara ya kulipia. Mnaobana peso chache kwa kupita barabara ya bure mnaongeza saa na hatari.

Nimekulia Mombasa. Naweza kupanda mlima wa Nevado de Toluca mwezi wangu wa kwanza?

Subiri. Mexico City yenyewe iko mita 2,240, juu kuliko Nairobi, na Nevado inafika 4,680. Gari hukupandisha hadi juu ya mita 4,000 bila wewe kutoa jasho, na hapo ndipo watu wa pwani wanapodanganyika. Kaa mjini wiki kadhaa kwanza. Siku ukienda, lala Toluca usiku mmoja, ukodi gari la kwenda na kurudi kwa sababu basi halipandi, vaa sweta mbili, na tembea taratibu hadi kwenye maziwa mawili yaliyomo ndani ya kreta, lile shimo la volkano. Kichwa kikianza kupasuka au ukitapika, shuka saa hiyo hiyo. Dawa ya kuuliza kwa rafiki kwenye simu haitakusaidia kitu.